Injini Kubwa Kupita Boti

Hemphill, Texas
9 Novemba

Mpwa wangu Cade,

Nakusalimu kwa kalamu, maana simu yako naona imeamua kupumzika. Sisi huku wazima. Anti Nelda goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo uko salama kabisa. Mama yako alipita Jumapili baada ya kanisa, akala, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, akaenda zake. Dada yangu huyo akiwa na wasiwasi hakuna sahani inayopona. Ziwa limepanda kidogo, visiki vya upande wetu vimezama kiasi cha kumdanganya mgeni. Paa wameanza kuingia bustanini na Nelda anawatukana mmoja mmoja.

Tangu lile bomba la kisima cha mafuta likufanye lilichokufanya sijajua nikuandikie nini, kwa hiyo nakuandikia habari ya mimi. Nimenunua boti. Ndiyo, boti ya kuvulia samaki wale wa besi, mtumba, futi kumi na nane, ya mjane mmoja wa Milam. Nyekundu ya kumetameta. Nelda kaiona tu akasema, "Verlon, umenunua boti au gauni la harusi ya pili?"

Injini ya nyuma imekufa, bado imening'inia pale kama mgeni asiyejua kuaga. Ya mbele haipo, yamebaki matundu ya skrubu. Kwa hiyo natafuta zote mbili: ile kubwa ya petroli ya kukimbilia, na ile ndogo ya umeme ya kunyatia samaki kati ya visiki bila kelele.

Kubwa nimeshaipata. Clovis, huyu jirani yangu, anayo ya nguvu za farasi mia mbili na ishirini na tano. Kibati cha kiwanda kwenye boti kinasema isizidi mia na hamsini, lakini Clovis anasema vile vibati huandikwa na watu waoga. Ndogo pia anayo, ilikuwa kwenye mtumbwi wa mkwewe. Fimbo yake ya kushusha propela majini ni fupi na nguvu si nyingi, ila naona itatosha. Maji ni maji.

Sikuombi ushauri, una mambo yako. Nakuarifu tu.

Mjomba wako,
Verlon


Bismarck, North Dakota
30 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Soksi za Anti Nelda zimefika. Zote mbili. Mshukuru. Mama kaniandikia kwamba Sikukuu ya Shukrani mliniwekea sahani mezani. Asanteni kwa hilo pia.

Hapa hospitalini theluji. Chakula kipo. Naambiwa napona.

Naomba usiniandikie tena habari za boti. Si kwa ubaya. Mambo hayo nimemalizana nayo.

Cade

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Kibati hakikuandikwa na mwoga. Ukifunga farasi wote hao kwenye boti hiyo itainua pua usione unakokwenda, na kona ya kwanza itakumwaga. Tena bima haikulipi hata senti. Mwambie Clovis hiyo injini aifunge kwenye nyumba yake, labda itasogea mbali na yako.


Hemphill
12 Desemba

Cade wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na mbwa. Mama yako amepaka rangi jiko lake, halikuhitaji rangi. Mimi nimemshinda Clovis kwenye domino mpaka ameanza kusema macho yake mabovu.

Kuhusu soksi. Nilimwambia Nelda, "Mama, fikiri kabla ya kutuma." Akanijibu, "Nimefikiri kuliko wewe. Mguu wa bandia nao unavaa soksi, nimempigia muuguzi nimemuuliza." Muuguzi huyo huyo akamwambia kwamba mguu wenyewe bado umo kwenye boksi chini ya kitanda chako, na hujauvaa hata kwa kujaribu. Mimi sikuulizi kitu. Nakueleza tu ninayoyasikia humu ndani.

Umesema nisikuandikie habari za boti, nami naheshimu. Hii basi si habari, ni malalamiko. Injini ya Clovis nimeiacha kwa ajili yako, na Clovis amenuna. Sasa nimepiga hesabu ya kubana matumizi. Betri nitaweka moja tu, iwashe injini kubwa na iendeshe hii ya mbele, maana umeme ni umeme. Na hii ya mbele, kwa kuwa fimbo yake fupi, nimeonelea niifunge nyuma, pembeni ya kubwa, mambo yote yawe sehemu moja. Clovis anasema sijawahi kuwa na wazo zuri hivi.

Usihangaike kujibu. Krismasi njema, mwanangu. Nelda anakutumia pai ya pekani.

Mjomba Verlon


Bismarck
28 Desemba

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Krismasi iliyopita. Pai imefika imevunjika, nimeila kwa kijiko mpaka chini ya bati. Mshukuru sana Anti Nelda. Nilimwonjesha Solveig, huyu mama anayenisimamia mazoezi, akasema ninyi watu wa Texas mnatia sukari kana kwamba inawadai.

Sasa wewe. Betri moja? Betri MOJA, mjomba? Mchana kutwa mota ya mbele inainyonya, jioni unageuza ufunguo wa injini kubwa, inakujibu tik, basi. Upo katikati ya visiki, upepo unakusukuma ng'ambo ya ziwa, Louisiana, na Anti Nelda amekaa anakutazama. Visiki unaweza kupona. Kwa Anti sikuahidi.

Injini kubwa iwe na betri yake peke yake. Ya mbele iwe na zake mbili, za kustahimili kunyonywa pole pole. Na iwe mbele! Boti inavutwa, haisukumwi. Ukiifunga nyuma upepo utaishika pua ya boti na kuizungusha siku nzima, wewe utadhani unavua kumbe unacheza dansi. Fimbo iwe ndefu, propela ibaki ndani ya maji hata boti ikipanda wimbi, la sivyo itatoka nje na kupiga mayowe, na kila samaki wa wilaya ya Sabine atajua mjomba Verlon amefika.

Nguvu usikisie. Ratili mbili za msukumo kwa kila ratili mia za uzito. Boti hiyo ikiwa na injini, mafuta, betri, watu wawili na masanduku yako ya takataka haipungui ratili elfu tatu. Hiyo ni sitini, na hapo hujahesabu upepo wa Machi. Chukua ya themanini, ulale usingizi.

Ya nyuma ni mia na hamsini, usizidishe. Wala usipunguze kwa ubahili. Ya mia na kumi na tano itaikimbiza boti ikiwa tupu, ukishapakia itahema. Ila hizi za kisasa ni nzito kuliko zile za zamani ambazo boti hiyo ilitengenezewa, kwa hiyo kabla ya kununua chochote, je, umeupima ule ubao wa nyuma unaobeba injini? Usiniambie "unaonekana mzima". Kwa nje ni fibaglasi, unang'aa mpaka siku ya kufa. Mbao iko ndani, na maji huingia kwenye tundu la bolti moja tu, yakakaa miaka.

Ile injini mfu ni mzigo mzuri wa kupimia. Iinue, shika sehemu yake ya chini, jining'inize kwa uzito wako wote. Mtu mwingine aangalie ubao kwa karibu. Ubao ukicheza hata kidogo, acha. Kisha fungua bolti moja ya chini uone kitakachotoka. Fanya hivyo kabla ya boti kugusa maji, nakuomba. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Solveig ameniuliza nachora nini nikiwa nimekunja uso hivi. Nikamwambia mjomba wangu anataka kuzama kwa kujitakia. Akasema ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikigombana na kitu kisicho kitanda.

Cade


Hemphill
19 Januari

Mwanangu Cade,

Tu wazima. Leo naliandika neno hilo kwa kumaanisha.

Nilisoma barua yako mbele ya Nelda na tukacheka sana pale pa dansi. Kesho yake nikasema, basi nimfanyie huyu kijana anachotaka. Nikainua ile maiti ya injini, nikaishika huko chini, nikajining'iniza na tumbo langu lote. Nelda alikuwa amechutama na tochi.

"Ukiona unacheza useme," nikamwambia.

"Verlon, unacheza kama jino la mtoto."

"Angalia vizuri."

"Naangalia vizuri! Shuka hapo, mwanaume, shuka!"

Nikafungua bolti ya chini. Yalitoka maji ya rangi ya chai, yakatoka, yakatoka, yakinuka kama kitu kilichokufa chini ya nyumba. Nikachomeka bisibisi nikidhani itagonga mbao. Iliingia mpaka mpini.

Cade, mimi nilikuwa nimeshapanga kufunga injini mpya wiki hiyo hiyo. Jumamosi iliyokuwa inafuata nilikuwa nimewaahidi Nelda na mama yako kuwapeleka mpaka daraja kubwa, kwa kasi, wapigwe na upepo kidogo, maana nyumba zetu zimekuwa na huzuni. Mama yako haogelei, unajua. Ubao ule ungeng'oka na injini yake katikati ya ziwa la Januari. Nilikaa juu ya ndoo, na Nelda akanishika bega bila kusema utani wowote, na wewe unajua hilo hutokea mara ngapi.

Asante. Nimeitafuta namna nyingine ya kuliandika, sijaipata. Asante, mwanangu.

Tumeukata ubao wote kwa ndani. Tunaunganisha mpya, tabaka kwa tabaka, na Clovis anashika vibano akitoa ushauri ambao hakuna aliyemuomba. Ya mia na hamsini ipo, imesitiriwa bandani, inasubiri.

Limebaki la mbele. Zipo mota za kuongozwa kwa mkono, na zipo za kuongozwa kwa kanyagio la mguu. Yule atakayesimama mbele, sijui ipi itamfaa. Mimi sina haraka.

Mjomba wako


Bismarck
24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si kosa la posta. Nilipofika pale pa mkono na mguu niliikunja barua yako nikaiweka chini ya godoro. Ilikaa huko wiki kadhaa. Nashukuru kwamba hukuandika nyingine ya kunifuata.

Mama nimeongea naye kwa simu. Nimemwambia aache kupaka rangi.

Sasa tuongee mimi na wewe. Juzi Solveig alinitania: "Haya mahesabu ya ratili mbili kwa mia ulijifunza wapi, mhandisi?" Nikafungua mdomo kumjibu, ndipo nikagundua. Nilijifunza kwako. Kwenye gati la Six Mile, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ukinigonga kofia kila nikikosea jibu. Kila injini na betri yake, wewe. Fimbo ndefu, wewe. Wewe ndiye uliyemshusha Clovis kwenye boti mbele za watu kwa sababu hakuvaa jaketi la kuokolea. Halafu leo "umeme ni umeme"? "Maji ni maji"? Na mimi, hasira zilivyonipanda, nimekuandikia mpaka mchoro!

Nimekumbuka jinsi unavyomvua besi mwezi wa tatu, akiwa amekaa juu ya mayai yake. Hali kitu, hana njaa. Unamtupia chambo ndani ya nyumba yake, unatoa, unatupa tena, mpaka anachoka na huo ufedhuli anakiuma kwa hasira tu. Umenivua hivyo hivyo, mzee. Nilinuna siku mbili, ya tatu nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sina kinyongo. Nashukuru, na naliandika hili nikiwa na akili zangu.

Ila kuna jambo moja nataka unijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima. Ule ubao, ulikuwa umeoza kweli?

Kama na wenyewe ulikuwa chambo, sema, nitakusamehe. Lakini nijue. Tangu siku ile ya kisima kila mtu ananipa vijikazi. Nipange vikombe. Nikunje taulo. Nikimaliza wananipigia makofi, watu wazima wenye vyeti ukutani. Wanafanya kwa wema, najua, na mimi kila makofi yakilia nazidi kuwa mdogo. Ile barua yako ya Januari ndiyo ya kwanza iliyonifanya nijione nimefaa kitu. Kama nayo ni taulo la kukunja, niambie sasa hivi, kabla sijaizoea.

Cade


Hemphill
4 Machi

Cade,

Salamu zote utazipata siku nyingine. Mti wa maua meupe wa Nelda umechanua, basi, hiyo ndiyo habari.

Nimekunasa kwa uongo, nakiri, na sijutii. Ile mia mbili na ishirini na tano Clovis hanayo, hajawahi kuwa nayo, ana mashine ya kukatia majani tu. Mota ya mtumbwi ni uongo. Betri moja ni uongo, na kuandika hilo kuliniuma, mkono ulikataa. Ya mia na hamsini nilikuwa nimeshailipia kabla hata ya kukuandikia barua ya kwanza. Mama yako alikuja kwangu Jumapili ile akaniambia muuguzi alikuuliza ungependa kufanya nini ukitoka, nawe ukamjibu, "Hakuna." Ukageukia ukuta. Nikaogopa, Cade. Nimekulea na mama yako tangu baba yako aondoke, nimekuona umenuna kwa kila namna, lakini hilo "hakuna" sikulijua. Nikasema nitamchokoza mpaka aniume.

Ubao si uongo. Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande chake. Kivunje kwa vidole vyako, kinavunjika kama keki. Nilikinunua chombo kibovu kwa sababu kilimetameta, mimi, mzee mzima niliyewafundisha wengine. Niliuangalia kwa nje nikagonga mara mbili na ngumi nikaridhika, kwa sababu moyo wangu ulikuwa kwenye kukudanganya wewe, si kwenye kukagua. Barua yako isingekuja, ningewatia majini watu wawili ninaowapenda. Hilo halikuwa zoezi la mtu yeyote. Hakuna aliyekupigia makofi hapa. Nelda alilia, mimi nilikaa kwenye ndoo.

Kwa hiyo usinishukuru kama mtu aliyekufanyia hisani. Mimi ndiye ninayetembea na shukrani mfukoni na sijui niiweke wapi.

Boti imekamilika nyuma. Injini imekaa, ubao haupepesuki hata Clovis akiurukia, na ameurukia. Mbele bado kutupu. Sijaweka ya mkono, sijaweka ya mguu, sijatoboa kitu.

Mjomba wako asiye mwongo tena,
Verlon


Bismarck
19 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Msalimie Anti Nelda, mwambie nimempigia simu mara tatu jana namba iko bize, aache kuongea na mama angalau jioni moja. Mwambie Clovis pole kwa injini asiyokuwa nayo.

Kifurushi kimefika. Kipande kinanuka chumba kizima. Solveig alitaka kukitupa, nikamwambia, "Usithubutu, hiyo ni mali yangu." Nilikivunja pembe moja, ikasagika vidoleni. Nikakaa nacho nikifikiria mama katikati ya ziwa. Kisha nikamwambia Solveig aniletee lile boksi la chini ya kitanda.

Mguu huo unauma, sikufichi. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi nikiwa nimelowa jasho na nimetukana maneno ambayo yeye hayajui, tena nikamtafsiria. Jana nimefika mwisho wa korido. Hakuna aliyepiga makofi, nilimkataza. Daktari anasema mwishoni mwa Aprili anaweza kuniachia nije nyumbani, mazoezi nikaendelee huko huko.

Asante kwa uongo wako wote, mjomba. Na asante zaidi kwa ule ubao.

Kuhusu ya mbele. Nunua ya kanyagio, ile inayogeuzwa kwa waya wa chuma, si ya mkono. Ila sakafu ya mbele ya boti hizi hukatwa shimo la kanyagio upande wa kulia. La kulia lizibe, lisimfanye mtu ajikwae. Kata jipya upande wa kushoto, maana huo ndio mguu nilio nao. Nyuma endesha wewe. Mbele nitasimama mimi.

Mpwa wako,
Cade